Majivu ya Sura ya Kumi na Tisa

Maiti ilikuwa imeondolewa tangu jana asubuhi, lakini misumari miwili ilikuwa bado imesimama mezani. Daktari wa polisi aliikata vichwa ili ainyanyue mikono ya marehemu bila kuichana zaidi. Inspekta alisimama mbele ya meza hiyo, mikono ameikunja mgongoni, akaanza upya kama mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza.

Duka lilikuwa jembamba, hatua nne kwa tisa. Saa za ukutani zilikuwa kumi na saba na kila moja ilishika wakati wake, kwa kuwa aliyezilinganisha hakuwapo tena. Damu ilikuwa imekauka kwenye mbao na kuingia katika mianya ya meza. Bisibisi ndogondogo zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Hakuna hata moja iliyosogea.

“Afande, tunatafuta nini tena?” Sajenti aliuliza akiwa mlangoni. Mwili wake uliujaza mlango wote. “Mkutubi tumeshamweka ndani. Saa kumi jioni anasomewa shitaka la mauaji. Tungekuwa tunakunywa chai saa hizi.”

“Sasa ni saa tatu. Tuna saa saba. Niambie alivyokufa.”

“Si umeona mwenyewe?”

“Niambie.”

Sajenti alishusha pumzi. “Alhamisi jioni, karibu saa moja. Fundi Saa amekaa pale, anafanya kazi. Mtu anaingia anayemfahamu, maana hakugeuka. Anampiga kisogoni kwa nyundo nzito mara tatu. Daktari anasema alikufa kwenye pigo la pili, hilo la tatu lilikuwa la ziada. Kisha muuaji anampigilia viganja mezani kwa misumari ya inchi nne. Anamfungua kinywa, anamjaza majivu mpaka kooni. Anamzungushia waya taya na utosi, anausokota kwa koleo nyuma ya sikio. Anaondoka. Ijumaa asubuhi jirani anafungua mlango, anaona mikono, anakimbia.”

“Anaona mikono tu?”

“Mikono tu. Uso ulikuwa umelalia meza.”

“Habari ya majivu na waya anaijua nani?”

“Wewe, mimi na daktari. Hata mkuu wa kituo hajamaliza kusoma ripoti. Yule akiona ukurasa wa pili hushikwa na usingizi.”

“Na kioo?”

“Kioo gani?”

“Kioo cha kukuzia. Alikuwa amekivaa jichoni kwa mkanda. Tulimkuta nacho.”

“Ndiyo. Kilikuwa na ufa. Kwani vipi?”

Inspekta alifungua bahasha kubwa ya vielelezo, akatoa shati la marehemu, akalitandaza juu ya kiti. Mgongo wote ulikuwa mweusi kwa damu. Kwenye bega la kulia na kwenye mkono kulikuwa na matundu madogo, saba au manane, yasiyozidi ukubwa wa punje ya mtama.

“Nondo,” alisema Sajenti.

“Nondo haachi ukingo wa kahawia.”

“Sigara basi.”

“Marehemu hakuvuta. Na sigara haitobi matundu manane kwa mstari, kama matone.” Alilikunja shati, akalirudisha katika bahasha. “Sasa niambie tena kwa nini tumemkamata Mkutubi. Polepole.”

Kisa chenyewe Sajenti alikijua kwa moyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekiunganisha. Palikuwa na kundi la wasomaji ishirini na wawili kwenye simu. Wengi wao hawakuwahi kuonana. Walikuwa wakisoma pamoja vitabu saba vya hadithi moja ndefu, juu ya mji ambao chini yake pana mji mwingine. Katika hadithi hiyo majini huendesha mabasi, wachawi hupanga vyumba na kulalamikia kodi, na vita vyao hupiganwa vichochoroni wakati wanadamu wanaoga na kupeleka watoto shule. Kundi lilikuwa na sheria kali. Sura moja kwa siku. Aliyemaliza huweka alama ya taa. Hakuna anayeruhusiwa kusema neno juu ya sura hiyo mpaka taa zote ishirini na mbili zimewaka, na hakuna anayeruhusiwa kusoma mbele.

“Ila Mkutubi,” alisema Sajenti. “Yeye ndiye mlinda lango wao. Husoma sura moja mbele ya wenzake ili awaonye kama ina mambo ya kutisha. Jumatano kundi lilikuwa sura ya kumi na nane ya kitabu cha nne. Ya kumi na tisa ilikuwa haijafunguliwa. Na humo ndani ya kumi na tisa msaliti anapigiliwa mikono mezani. Mkutubi mwenyewe amekiri. Kwa hiyo aliyemuua Fundi Saa alikuwa ameisoma, na aliyekuwa ameisoma ni Mkutubi.”

“Na ugomvi?”

“Jumatano hiyohiyo Fundi Saa aliandika kwenye kundi: jamani, sura ya kumi na tisa nawaomba tusiijadili hapa. Wakamrukia. Amesoma mbele, anatufichulia, huyu ni msaliti. Mkutubi akamalizia.” Sajenti alitoa daftari, akasoma. “‘Msaliti anaijua adhabu yake.’ Kesho yake mtu kafa. Anaishi peke yake, hana shahidi wa alikokuwa. Unataka nini zaidi, afande, picha ya harusi?”

“Wewe umeisoma hiyo sura?”

“Mimi?”

“Kuna mtu yeyote kituoni aliyeisoma?”

Sajenti alikuna shingo. “Ni hadithi za majini, afande.”

Inspekta alikwenda kwenye rafu iliyokuwa juu ya meza. Vitabu vyote saba vilikuwa pale. Alikichukua cha nne, akakifungua palipowekwa alama kwa kipande cha mkanda wa saa, akasoma akiwa amesimama. Alisoma kama alivyosoma maelezo ya mashahidi, kidole kikifuata mstari. Ilimchukua robo saa. Sajenti alijaribu kiti, kikalia, akasimama tena.

Karibu na mwisho wa sura kidole kilisimama. Aya nzima ilikuwa imezungushiwa penseli. Pembeni yake, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika namba za saa kwenye karatasi za risiti, kulikuwa na maneno mawili: *Asisikie hili.*

“Sikiliza,” alisema Inspekta, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea hati za upekuzi. “‘Wakampigilia mikono mezani ili asiyakinge macho yake. Kisha mzee wa majini akaomba kijiko. Alilitoa la kulia kwanza, taratibu, kama mtu achotaye mafuta kwenye kopo, na alipolitoa la kushoto mchawi yule hakuwa na sauti tena ya kulilia.’”

Sajenti alikunja uso. “Na watu wanakaa wanasoma hayo baada ya kula?”

“Majivu yako wapi?”

“Yatakuja mbele.”

“Sura imeishia hapo. Hakuna majivu. Hakuna waya. Kuna macho.” Alikifunga kitabu. “Maiti yetu ilikuwa na macho yote mawili. Moja lilikuwa bado na kioo chake. Mtu amekuja na misumari, nyundo, waya, koleo na majivu, maana duka hili halina hata jiko. Alijipanga. Alitaka tuone kitabu. Halafu kitu chenyewe kilicho kitabuni hakukigusa.”

Inspekta alikuwa ameshaanza kufungua saraka za meza. Ya kwanza ilikuwa na mikanda, ya pili betri ndogo, ya tatu ilikuwa na kinasa sauti chenye ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa kitambaa safi. Alibonyeza. Sauti ya Fundi Saa ilijaa dukani, nzito, ya mtu asiye na haraka, na nyuma yake saa zile zile kumi na saba zikigonga, siku hiyo zote kwa pamoja.

Alisogeza mpaka karibu na mwisho.

“‘Wakampigilia mikono mezani,’” ilisema sauti. Karatasi ikasikika ikigeuzwa. “‘Kisha wakamjaza majivu mdomoni mpaka kooni, wakamfunga kwa waya, ili asilitamke tena jina la mji wao.’”

Inspekta alikizima kinasa sauti.

“Alibadilisha,” alisema Sajenti.

“Alibadilisha. Muuaji hakusoma. Alisikia.” Aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani. Jumatatu ijayo ilikuwa imezungushiwa duara. *Saa tatu, kituo cha polisi. Sisi wawili.* “Na hii uliielezaje kwenye ripoti yako?”

“Kwamba alikuwa anakwenda kumshitaki Mkutubi.”

“Sisi wawili, Sajenti. Unakwenda kumshitaki mtu mmeshikana mikono?”

*

Mkutubi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mgongo wima, miwani imefungwa kwa plasta katikati. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba na kupasuka. Kwenye blauzi yake palikuwa na tone la damu iliyokauka. Alimtazama Sajenti akiingia, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

“Huyo abaki nje,” alisema.

Inspekta aligeuza kichwa. Sajenti alitoka.

“Mama, nimeisoma sura ya kumi na tisa.”

“Hatimaye. Kituo kizima, siku nzima, na mtu wa kwanza kufungua kitabu ni leo.” Aliongea kwa shida kwa sababu ya mdomo. “Kijana wako aliniuliza kama kuna misumari. Nikamwambia ipo. Akaniuliza kama nilimjaza majivu. Nikamwambia hakuna majivu, kuna macho. Akanipiga. Nikamwambia tena macho. Akanipiga tena. Mara ya tatu nikaona ninyamaze, jino langu la mbele nilitengenezewa juzijuzi tu.”

“Hilo nitalishughulikia.”

“Utalishughulikia ukishanitundika au kabla?”

Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake. “Fundi Saa alikuwa akimsomea nani?”

Mkutubi alivua miwani, akaitazama plasta, akaivaa tena. “Mpokea Simu.”

“Wa wapi?”

“Wa hospitali kubwa. Ukipiga pale, yeye ndiye anayekujibu. Haoni. Tulianza naye tangu kitabu cha kwanza. Fundi alikuwa akirekodi sura kila jioni baada ya kufunga duka na kumtumia siku moja kabla, ili aweke taa yake pamoja na sisi. Hatukutaka awe wa mwisho kila siku. Ruhusa ya kusoma mbele nilimpa mimi, wenzetu hawakujua.”

“Mbona hukumtaja?”

“Niliulizwa nani ana kitabu. Yeye hana kitabu.”

“Macho yake yaliharibika vipi?”

“Anasema ajali. Maji ya betri. Anaishi na kaka yake, fundi betri.” Mkono wa Mkutubi ulipanda taratibu mpaka kwenye mdomo uliovimba ukabaki hapo. “Ndiyo maana alituomba tusiijadili. Tungezungumza habari ya macho, naye angejua kwamba amebadilishiwa. Na mimi nikadhani anafichua, nikamwita msaliti.”

Inspekta alikuwa ameshasimama.

“Saa kumi wananisomea shitaka,” alisema Mkutubi.

“Najua.”

“Nina wanafunzi mia nne na maktaba moja. Mtu aliyesomewa shitaka la mauaji hawamrudishii funguo hata akiachiwa.”

“Ni saa tano kasoro,” alisema Inspekta, akatoka.

*

Uwanja wa fundi betri ulikuwa nyuma ya karakana mbili na kiwanda cha matofali. Betri zilipangwa kwa mistari chini ya bati, zimeunganishwa kwa nyaya nyekundu na nyeusi, zikichemka kwa mlio mdogo usiokoma. Hewa iliuma puani. Mwisho wa uwanja palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, na barazani alikaa mwanamke mwenye miwani myeusi na sare ya hospitali. Kovu lilitoka chini ya miwani likashuka mashavuni kwa michirizi, mpaka shingoni. Simu ilining’inia kifuani kwa kamba.

Kaka mtu aliwapokea yeye mwenyewe. Alikuwa na mabega mapana na tabasamu la mwenyeji mwema. Alifuta viti kwa mkono wake.

“Karibuni, afande. Dada, wageni wa serikali. Haoni, lakini anafurahi.”

“Nasikia viatu vinne,” alisema Mpokea Simu. “Viwili ni vya mtu mzito.”

“Huo ni msuli,” alisema Sajenti.

“Haya, msuli.”

Inspekta hakukaa. Alilitazama ovaroli la yule mwanamume. Mikononi na mapajani lilijaa matundu madogo yenye ukingo wa kahawia, mengine yamepangana kama matone yaliyofuatana. Sajenti naye aliyaona. Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye pingu.

“Pole kwa msiba,” Inspekta alimwambia Mpokea Simu. “Sura ya kumi na tisa ulitumiwa lini?”

“Jumatano, kama saa kumi na mbili jioni.”

“Ulisikiliza wapi?”

“Jikoni. Huwa naiweka kwa sauti kubwa nikiwa napika.”

“Nani mwingine aliisikia?”

Mpokea Simu alifungua kinywa. Kaka mtu akamwahi.

“Mimi, afande. Kuta zetu ni karatasi. Nazisikia zote, majini, wachawi, mabasi yanayoruka. Mimi ni mtu wa kazi, zinanipa usingizi. Lakini hiyo ya msaliti niliisikia. Mtu kupigiliwa misumari, kujazwa majivu, kufungwa waya. Nikasema, watu hawa wanasoma nini? Halafu Ijumaa naambiwa Fundi kafanyiwa hivyo hivyo. Huyo mwanamke wa maktaba ana roho ya mnyama. Alimtishia, dada ana ujumbe kwenye simu.”

“Unausoma ujumbe wake?”

“Nani amsomee? Mimi ndiye macho yake.”

“Kufanyiwa hivyo hivyo vipi?”

“Si majivu mdomoni.”

“Nani alikuambia?”

“Mtaa mzima unasema.”

“Mtaa mzima unasema misumari. Jirani aliona mikono akakimbia. Majivu tunayajua sisi wawili, daktari, na Mkutubi aliyeulizwa akiwa mahabusu.”

Tabasamu lilibaki usoni mwake, ila halikuwa na kazi tena. “Basi nimekisia. Kitabu kinasema hivyo. Aliyekisoma ndiye aliyeua, tafuteni wasomaji.”

“Tatizo ni hilo,” alisema Inspekta. “Nimekisoma. Hakisemi hivyo. Majivu hayamo kitabuni. Fundi aliyatunga yeye mwenyewe, akayarekodi, akayatuma kwenye simu moja tu. Duniani kuna nyumba moja iliyoyasikia.”

Betri ziliendelea kuchemka. Mpokea Simu alikuwa ameugeuza uso wake, si kwa Inspekta bali kwa kaka yake.

“Kitabuni kuna nini?” aliuliza.

“Dada, ingia ndani.”

“Nimemuuliza yeye. Kitabuni kuna nini?”

“Macho,” alisema Inspekta.

Mwanamke yule hakulia wala hakusogea. Kaka mtu alirudi nyuma hatua mbili, kama anayewapisha wageni, mpaka nyuma ya meza ya kazi. Sajenti alikuwa anatoa pingu. Mkono wa fundi betri ulishuka chini ya meza, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuona.

“Afande, inama,” alisema Mpokea Simu kwa sauti ya simu, ile tulivu ya kumwambia mtu asubiri kidogo. “Anafungua kifuniko.”

Inspekta alijitupa chini. Maji ya betri yalipita juu yake kwa upana wa shuka, yakapiga ukuta, na mengine yakamwangukia Sajenti kutoka kiwiko hadi vidoleni. Sajenti alipiga yowe, akagonga nguzo, akaanguka kwa magoti. Rangi ya ukuta ilianza kuteremka. Fundi betri alilitupa dumu tupu, akachukua nyundo juu ya meza na kuja mbio.

Pigo la kwanza lilimkuta Inspekta begani wakati anainuka. Aliusikia mfupa wake ukilia. La pili lilikosa kichwa chake kwa upana wa kidole, likaivunja betri iliyokuwa nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu tena. Wa kushoto ulipapasa sakafuni ukapata mtalimbo wa kunyanyulia betri za malori. Aliuzungusha chinichini. Goti la yule mwanamume lilikatika kwa mlio wa ubao mkavu. Alianguka kifudifudi, lakini nyundo haikumtoka, naye akajivuta kwa viwiko kumwelekea. Inspekta alimpiga kwenye kifundo cha mkono. Vidole vilifunguka. Alimpiga tena mahali pale pale, na mara ya tatu, mpaka mkono ule ukakaa vibaya. Kisha akaipiga nyundo teke ikaenda mpaka chini ya bati.

Mpokea Simu hakuwa tena barazani. Alikuwa amehesabu hatua zake kufuata ukuta hadi kwenye bomba, na sasa alirudi akivuta mpira wa maji, akiufuata mlio wa Sajenti.

“Lete mkono. Usisugue.”

“Unaungua, dada, unaungua.”

“Najua unavyoungua. Acha maji yapite. Usiutoe mpaka nikuambie.” Aliushika mkono wa lile jitu kwa nguvu, akaumwagilia. “Nusu saa. Ukiutoa kabla utajuta. Mimi sikumwagiwa maji. Mlango ulifungwa kwa nje, na ufunguo alikuwa nao yeye.”

Kaka mtu aliinua uso uliojaa vumbi. “Nyamaza, we mwanamke. Nani amekulisha miaka minne?”

Mpokea Simu aliuelekeza mpira kule sauti ilikotoka. Maji yalimjaa kinywani akapaliwa. Kisha akaurudisha kwenye mkono wa Sajenti.

Inspekta alimfunga fundi betri pingu kwa mkono mmoja, akisaidiwa na goti lake mwenyewe. Chini ya meza alikuta koleo, kipande cha waya kilichokatwa na pakiti ya misumari ya inchi nne iliyopungua. Kichwa cha nyundo kilikuwa kimefutwa, ila kwenye kiungo cha mpini palibaki weusi. Aliviacha vyote kama vilivyo, akapiga simu kituoni. Alimwita daktari kwanza. Kisha mkuu wa kituo.

“Mkuu, Mkutubi aachiwe.”

“Karatasi zake zimeshaandaliwa.”

“Zichane. Umrudishie na miwani mizima.”

*

Saa tisa na nusu Inspekta alikuwa chumba cha maelezo, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Kupitia dirishani alimwona Mkutubi akishuka ngazi za kituo, blauzi ile ile, akitembea wima. Aliacha kitu mapokezi, akaenda zake bila kugeuka. Askari wa mapokezi alikileta. Kilikuwa kitabu cha nne, nakala ya maktaba.

Mpokea Simu alikaa ng’ambo ya meza. Alikuwa amevua miwani. Hakuna aliyemwambia aivue.

“Jumatatu tulikuwa tuje wawili,” alisema. “Nilimwambia Fundi mwezi uliopita, kwa ujumbe wa sauti. Nilimwambia haikuwa ajali. Akanijibu atanisindikiza mwenyewe, mpaka kwenye meza ya afande. Nikalisikiliza jibu lake jikoni, kwa sauti kubwa, kama nilivyozoea. Kama nilivyozoea kusikiliza sura.”

“Leo Jumamosi,” alisema Inspekta. “Umewahi.”

“Alikufa kwa ajili yangu.”

“Alikufa kwa sababu mtu alimpiga nyundo kisogoni. Hilo ndilo nitakaloandika.”

Mwanamke yule aliinua kichwa kidogo, kama anayesikia simu ikilia chumba cha mbali. “Hicho ulichokiweka mezani ni kitabu.”

“Ndiyo.”

“Nisomee ile aya.”

“Si lazima.”

“Miaka minne watu wananichagulia la kusikia. Kaka yangu kwa ubaya, Fundi kwa wema. Nisomee kama ilivyoandikwa.”

Inspekta alikifungua kwa mkono wa kushoto, akakishikilia kwa kiwiko. Alisoma kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: mikono, misumari, kijiko, la kulia, la kushoto. Hakuruka neno. Alipofika mwisho alikifunga.

Mpokea Simu alikuwa ameiweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini. Alitoa pumzi ndefu. Kisha akaichukua simu kifuani mwake, akaigusa mara mbili, nayo ikatamka kwa sauti yake ya mashine kwamba taa imewekwa.

“Sasa chukua kalamu,” alisema. “Andika ya kwangu. Na wewe usiruke kitu.”